Si Kilaza, Ni 'Thelathini' Inayomchanganya

Wiki hii naomba tuache ya wapenzi na wachumba, tuongelee watoto, maana jamani watoto wanaonewa.

Sikiliza. Mtoto wa darasa la pili ukimuuliza tatu na mbili ngapi, anajibu tano hujafunga hata mdomo. Mgeuzie sasa: thelathini na ishirini ngapi? Kimya. Anatazama dari, anahesabu vidole, vidole vinamwishia, anaingia vya miguuni. Hapo ndipo mzee mzima anapofoka, "Kilaza wewe!" na kofi juu. Mtoto wa dada yangu ninayekaa naye alifika mahali akisikia neno hesabu tu anaomba kwenda msalani.

Sasa hebu yatamke mwenyewe. Tatu na thelathini vinafanana nini? Mbili na ishirini je? Hakuna undugu hata wa kusingiziwa! Tatu na mbili ni zetu za Kibantu, hizo nyingine zilikuja na majahazi kutoka Uarabuni. Sitini, sabini na tisini zina nafuu, zinafanana na sita, saba na tisa kwa sababu hizo nazo ni za Kiarabu. Lakini nane na themanini? Mtoto anakariri jina, hajui kwamba ndani yake kuna makumi manane.

Kwa hiyo mimi na mjomba wangu tulikaa chini na njiti za kiberiti. Kila zikifika kumi tunazifunga na uzi, fungu moja. Halafu wiki nzima nikapiga marufuku ishirini na thelathini humu ndani. Ni makumi mawili, makumi matatu, basi. "Makumi matatu na makumi mawili?" "Makumi matano!" Haraka kama konda. Ndipo nikamwambia makumi matano jina lake la mjini ni hamsini. Alicheka mpaka akakaa chini.

Tukaja kwenye 47 na 38. Shuleni wanapanga wima, wanaanzia kwenye mamoja: naandika tano, nabeba moja. Kwenye daftari ni safi, sina ugomvi na mwalimu (mimi mwenyewe nimeishia fomu foo, nigombane naye kwa lipi?). Ila kichwani ni balaa. Ameshika tano, amebeba moja, akifika kwenye makumi ile tano imeshamponyoka. Kichwani anzeni na wakubwa. Makumi manne na makumi matatu ni makumi saba, sabini. Saba na nane, kumi na tano. Sabini na kumi ni themanini, weka tano, 85. Hata konda akifunga hesabu jioni anaanza na noti, sarafu baadaye.

Kuna na ujanja wa kuazima. 48 na 27: chukua mbili kwenye 27 umpe 48 awe 50. Zimebaki 25, jibu 75. Ila hapo lazima awe anazijua jozi za kumi bila kufikiri: tisa na moja, nane na mbili, saba na tatu, sita na nne, tano na tano. Kama hajazijua usimpeleke huko, utamchanganya bure.

Mamia yenyewe ni kazi ndogo, mwendo ni ule ule: 350 na 480, mia tatu na mia nne ni mia saba, hamsini na themanini ni 130, jumla 830. Kwetu hiyo si mchezo. Dada ana genge, akienda kuchota maji mtoto ndiye anayebaki, na wapo wateja wasio na haya wanaosubiri hapo hapo wadai chenji mbili. Chenji nayo tunaipata kwa kujumlisha. Vitu vya 650, noti ya elfu: 650 na hamsini ni 700, na mia tatu ni elfu. Mpe 350 aende zake.

Akikosea weka mkono chini, muulize, "Umepataje?" Akikwambia 47 na 38 ni 75, mwache aeleze. Utakuta kapata sabini sawasawa, kapata kumi na tano sawasawa, ile kumi tu ndiyo imedondoka njiani. Mrudishe kwenye njiti akaiokote.