Ramani ya Rwabugiri Si Hati ya Ardhi

Kila mara uhusiano wa Rwanda na Kongo unapochafuka, ramani moja huanza kuzunguka katika simu zetu. Ni ramani ya Rwanda iliyo pana kuliko hii tunayoishi: Rutshuru na Masisi zimo ndani, kisiwa cha Ijwi kimo, Bufumbira ya Uganda nayo imo. Chini yake huandikwa kwamba hiyo ndiyo nchi ya Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri kabla Wazungu hawajaikata vipande. Wapo wanaoisambaza kwa fahari. Ng'ambo ya mpaka, wapo wanaoisambaza kama ushahidi kwamba kila asemaye Kinyarwanda ni mvamizi. Nasema pasipo kumung'unya maneno: pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja. Zimechukua nguvu za mfalme zikazifanya mpaka.

Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, alikuwa mpiganaji hodari. Majeshi yake yalivuka Ziwa Kivu, yakaiteka Ijwi, yakaishambulia Bushi mara kwa mara, yakafika hata Nkore. Sifa hiyo hakuna atakayemnyang'anya. Lakini kufika si kutawala. Ijwi aliishika kwa muda tu; alipofariki, mamlaka ya Rwanda kisiwani yakaporomoka na wenyeji wakarudi chini ya wafalme wao. Bushi hakuimaliza kamwe. Mauti yalimkuta akiwa katika safari ya vita dhidi yake. Nkore aliipiga, hakuikalia. Mchoraji wa ramani hayasemi hayo. Yeye huchukua kila mahali palipofika mkuki, akapapaka rangi moja.

Sasa ligeuze jicho lako ndani ya Rwanda yenyewe, maana huko ndiko ramani hiyo inakoumbuka zaidi. Bukunzi na Busozo, kusini-magharibi mwa nchi yetu, zilikuwa falme ndogo zenye wafalme wake, waliosifika kwa kuleta mvua. Walipeleka zawadi kwa Mwami wa Rwanda, lakini mambo yao waliyaamua wenyewe. Zilizimwa katika miaka ya 1920, kwa mtutu wa bunduki wa Wabelgiji. Kaskazini, mwaka 1912, Ndungutse alikusanya maelfu ya wafuasi dhidi ya Mwami Yuhi wa Tano Musinga, na uasi huo ulivunjwa na askari wa Kijerumani. Basi ramani hii imekosea mara mbili: imejumlisha nchi ambazo Mwami hakuzishika, na imeficha kwamba sehemu za Rwanda ya leo zilitiishwa kwa msaada wa wakoloni wale wale tunaowalaumu kwa kuikata.

Jambo hili si la Rwanda peke yake. Nasaba ya Qing iliitawala China kuanzia mwaka 1644 hadi 1912, na mpaka leo watu wanabishana ilikomea wapi. Wafalme wa Vietnam walipeleka tunu Beijing, huku nyumbani kwao wakijiita wafalme wakuu wasio na mkubwa juu yao. Ufalme wa Ryukyu ulipeleka tunu China na papo hapo ukawatii watawala wa Satsuma wa Japani. Utaupaka rangi ya nani? Mongolia ilikuwa chini ya Qing. Leo ni dola huru. Himaya za kale zilikuwa kama moto wa kuni: joto kali karibu na mafiga, vuguvugu hatua chache mbele, kisha baridi. Mstari mwembamba wa wino hauwezi kulieleza joto hilo.

Utaniuliza: je, Wazungu hawakutukata? Walitukata. Mwaka 1910, huko Brussels, Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza zilikaa mezani zikaamua Ijwi iwe ya Ubelgiji na Bufumbira iwe ya Uingereza. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hata Gisaka ilimegwa ikapewa Waingereza wa Tanganyika, waliotamani njia ya reli, kisha ikarudishwa baada ya malalamiko mengi. Lakini tuulize dhuluma hasa ilikuwa ipi. Dhuluma haikuwa kwamba mfalme alipunguziwa rangi kwenye ramani. Dhuluma ilikuwa kwamba watu waliohamishiwa dola nyingine hawakuulizwa. Anayetaka leo kuusogeza mstari ule kwa hoja ya Rwabugiri, bila kuwauliza wakazi wa Ijwi au Rutshuru, hairekebishi Brussels, anairudia.

Viongozi wa Afrika huru waliliona hilo mapema. Mwezi wa Julai 1964, mjini Cairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliazimia kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Hawakuisifu mipaka hiyo; waliogopa gharama ya kuichora upya. Somalia ilikataa, na mwaka 1977 ikaingia vitani na Ethiopia kwa ajili ya Ogaden. Ilishindwa, na raia wakamiminika ukimbizini.

Nawe uliye ng'ambo, unayeitumia ramani hiyo kumfukuza jirani yako, sikiliza pia. Kuna jamii zisemazo Kinyarwanda zilizokuwa zikilima na kufuga huko kabla ya meza ya Brussels kutandikwa. Hawakuuvuka mpaka, mpaka ndio uliowavuka. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 10, inawatambua kuwa raia wa asili watu wa makabila ambayo watu na ardhi yao ndivyo vilivyounda nchi hiyo ilipopata uhuru. Haki yao imesimama juu ya sheria ya Kongo. Lugha haimfanyi mtu kuwa mgeni nyumbani kwake.

Hapo ndipo ubaya wa ramani hii unapojitokeza wazi. Sisi wa Kigali tunaisambaza tukidhani tunawatetea ndugu zetu wa Kivu, kumbe tunamkabidhi adui yao silaha. Mwaka 1996 Rais wa wakati huo, Pasteur Bizimungu, alionyesha hadharani ramani ya namna hiyo na kutaka mkutano wa pili wa Berlin; hadi leo kauli ile hutajwa Kongo kila wanaposhukiwa wasemao Kinyarwanda. Anayelipa si mwenye kutuma picha akiwa Remera au Nyamirambo. Anayelipa ni mfugaji wa Masisi anayeambiwa arudi kwao, naye kwao ni papo hapo alipo.

Kwa hiyo, ramani hiyo ikikufikia tena, muulize aliyeituma maswali matatu. Nani alikusanya kodi mahali hapo? Kwa miaka mingapi? Na wenyeji wenyewe walisemaje? Asipokuwa na majibu, usiitume mbele. Historia ya Rwabugiri tuisome, tuijivunie panapostahili, tuikosoe panapostahili. Ardhi ya jirani haimo ndani yake.