Golikipa Aliyekwenda Kusoma Sheria



Leo nasema na nyumba zenye kijana apendaye mpira. Baba huona mpira unamla mtoto akili; mtoto naye huona vitabu vinamfunga miguu. Basi ugomvi hauishi. Hebu tumtazame mtu wa Kanada, marehemu Bwana Ken Dryden, aliyezaliwa mwaka 1947 na kufariki Septemba 2025.

Alicheza mpira wa magongo, lakini si huu wa nyasini. Kwao baridi hugandisha maji yakawa magumu kama sakafu, na wachezaji huteleza juu yake kwa viatu vyenye chuma chini. Wanachopiga ni kisahani kigumu cha mpira mweusi, nacho hukimbia kupita motokaa. Yeye alikuwa golikipa, yaani kazi yake ni kusimama mbele ya kitu hicho!

Mwaka 1964, akiwa na miaka 16, klabu kubwa ya kulipwa ilikwisha kumchagua. Yeye akaenda Marekani, Chuo Kikuu cha Cornell, kusoma historia. Huko alishinda michezo 76, akashindwa 4, akatoka sare mmoja. Mwaka 1967 chuo chake kikachukua ubingwa wa vyuo vya Marekani, na mara tatu alitajwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo. Digrii akaipata mwaka 1969.

Kisha akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha McGill, huku akiichezea klabu ya Montreal Canadiens. Mwaka 1971 alikuwa amecheza michezo 6 tu ya ligi alipowekwa golini kugombea Kombe la Stanley. Wakalitwaa, naye akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mashindano.

Mwaka 1973 alimaliza sheria, na kombe wakalitwaa tena. Lakini hakupatana na klabu juu ya mshahara. Siwafichi, fedha ilikuwamo. Ila hakukaa bure kununa. Alikwenda Toronto, akafanya kazi msimu mzima chini ya mawakili, kwa mshahara mdogo, maana wakati ule bila mafunzo hayo mtu hakukubaliwa kuwa wakili. Mwaka uliofuata akarudi golini, na kuanzia 1976 hata 1979 klabu ikachukua kombe kila mwaka. Hapo akaacha mchezo, ana miaka 31 na nguvu zake. Baadaye aliandika vitabu, akawa mbunge tangu 2004 hata 2011, na kwa muda waziri.

Sisemi kila mtoto ataweza hayo yote. Wengi wetu hata moja lilitushinda. Lakini baba, usiuchome mpira wake. Mpangie saa ya kucheza na saa ya taa. Na wewe kijana wa kidato cha pili uliyeahidiwa viatu na klabu ya mjini ili uache shule, muulize huyo bwana nani atakulipa goti likiumia. Akikupa karatasi ya kutia sahihi, mpelekee kwanza mwalimu wako aisome, na mzazi awepo.