Kumbukumbu za nyumba zisilale katika simu moja



Kisha mazungumzo yetu juu ya buletini za watoto, wengi wenu mliniuliza swali moja: "Mwalimu, picha na makaratasi yangu yote yako ndani ya simu. Siku simu ikiibiwa, nitafanya nini?" Ikiisha kuibiwa, karibu hakuna la kufanya. Kazi yote ni ya mbele ya siku hiyo, na ndiyo tutaizungumza leo.

Tuhesabu kwanza vilivyo ndani ya simu ya mama wa kawaida wa hapa kwetu Bukavu. Kuna picha ya kadi ya mpiga kura, hati za kuzaliwa za watoto, hati ya ndoa, karatasi za kiwanja, buletini, risiti za feza za masomo. Kuna sauti ya koko akisimulia namna familia ilivyohama kijiji. Kuna picha ya mwisho ya mtu aliyefariki. Na katikati ya hivyo vyote kuna mamia ya picha za maua zilizoandikwa "asubuhi njema", zilizoingia kupitia makundi ya WhatsApp. Simu haijui tofauti. Ikijaa, mtoto anaanza kufuta ili apate nafasi ya mchezo wake, na anaweza kufuta hati ya ndoa akaacha maua.

Niseme neno juu ya picha za hati. Picha haina nguvu ya hati yenyewe, ofisi itaikataa. Lakini picha inachunga namba, tarehe, na jina la ofisi iliyoandika. Mama akifiwa na bwana, na ndugu za marehemu wakianza kuuliza "wewe ni nani hapa?", ile namba ndiyo inaonyesha ni katika kitabu gani cha serikali ndoa yake iliandikwa, ili aombe kopi nyingine. Bila namba, ataanza kutafuta gizani. Kwa hiyo mama anayechunga picha ya hati yake hafanyi mambo ya starehe.

Wengine wananiambia: "Vyangu viko salama, viko Google." Vizuri, hiyo ni kopi moja. Ila mjue masharti yake. Nafasi ya bure ni gigabaiti 15, na inagawanywa kati ya barua pepe, picha na faili zenu nyingine. Tangu Juni 2021 picha zote mpya zinahesabiwa humo. Kopi za WhatsApp za simu za Android nazo sasa zinahesabiwa humo. Nafasi ikiisha, picha mpya hazipandi tena, na mama asiyesoma ujumbe wa onyo anaendelea kuamini kwamba zinapanda. Pia akaunti ambayo haijafunguliwa muda wa miaka 2 inaweza kufutwa na vyote vilivyomo. Mfikirie mama aliyekimbia vita na kukaa mbali bila simu, au akaunti ya bwana aliyefariki ambayo hakuna anayejua neno lake la siri. Tena kupandisha picha zote kunakula mega, na mega tunazinunua kwa feza ya mboga.

Ndiyo sababu familia nyingine duniani zimerudisha vitu vyao nyumbani. Wanaweka mashini moja ya kuchunga kila kitu, na simu zote za nyumba zinaiendea. Mashini hiyo inaitwa seva. Jina linaogopesha bure. Seva ni ordinateri inayokaa mahali pamoja na kungoja kuulizwa: "nipe ile picha", "chunga wimbo huu". Ordinateri ya kubeba iliyozeeka, ambayo kioo chake kimepasuka, inaweza kazi hiyo vizuri. Kwa hapa kwetu ina faida kubwa: batri yake. Umeme ukikatika ghafla, mashini isiyo na batri inaweza kuharibu ilichokuwa inaandika. Hii itaendelea kidogo na kuzimwa kwa utaratibu, kama batri bado ni nzima. Kuna pia kibao kidogo cha Raspberry Pi kutoka Uingereza, kilichoanza kuuzwa mwaka 2012, chenye ukubwa kama wa kadi ya mpiga kura. Kinakula umeme wa volti 5, sawa na chaja ya simu, na kwenye nyumba yenye sola ndogo ni jambo la kufikiri. Lakini kama una ordinateri kuukuu, usinunue kitu.

Sasa nisimame hapa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapotea. Waifai siyo intaneti. Ruta, kile kisanduku chenye antena, kinaunganisha mashini za nyumba kwa mawimbi. Intaneti ni jambo lingine, linalotoka nje na kulipiwa. Ukiwasha ruta bila kununua hata mega moja, simu ya mama, ya baba na ya kijana zinaweza kuongea na ordinateri ya nyumba, kupeleka picha, kuangalia video, bila kulipa kitu. Ni kama njia ya ndani ya kiwanja: mtoto anatoka jikoni anafika nyumba ya koko bila kukanyaga barabara kubwa. Mama akiisha kuelewa hili, anaacha kuogopa kwamba seva itamaliza feza.

Programu za kazi hiyo ni za bure. Nextcloud inapokea picha kutoka simu na kuzichunga katika mafaili. Jellyfin inapanga nyimbo na video, hata ile ya arusi, na kila mtu anaziangalia kwenye simu yake. Za masomo ndizo nazipenda zaidi, na mtanisamehe, mimi ni mwalimu. Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, inakuruhusu kuchunga Wikipedia nzima na kuisoma bila intaneti. Ile ya Kiswahili ni ndogo. Ile ya Kifaransa pamoja na picha inataka makumi ya gigabaiti, basi pimeni disiki yenu kwanza. Kolibri inaweka mazoezi, video na vitabu vya watoto, kwa Kifaransa na pia kwa Kiswahili, na inaonyesha mtoto amefika wapi. Ordinateri moja inaweza kutumikia watoto kadhaa kwa wakati mmoja, kila mmoja na simu yake. Chama kikiwa na chumba na ruta, hakuna haja ya kila nyumba kununua yake. Likelemba ya miezi michache inaweza kupata disiki ya nje.

Kuziweka kunahitaji intaneti mara moja, kwa kuvuta programu, na mtu mwenye kujua. Kijana aliyesoma informatiki atawasaidia. Mwambieni jambo moja: seva ibaki ndani ya nyumba, asiifungue ionekane kutoka nje. Kufungua kwa nje ni kazi ya mtu anayeilinda kila siku, na sisi hatuna nafasi hiyo.

Lakini mashini ndiyo sehemu nyepesi. Mashini haiwezi kupanga. Niliona disiki zenye picha elfu nyingi ambazo hakuna mtu anaweza kupata kitu ndani yake. Anzeni na mafaili manne tu: Makaratasi, Masomo, Familia, Sauti. Jina la kila kitu lianze na mwaka, mwezi, siku, halafu kitu chenyewe: 2024-07-05 Buletini Furaha. Kwa nini mwaka mbele? Kwa sababu ordinateri inapanga kwa kuangalia herufi za kwanza; ukianza na mwaka, mambo yanajipanga yenyewe tangu zamani hadi leo. Ukianza na siku, tarehe 5 za miezi yote zitarundikana pamoja.

Hati moja ipigwe mchana, juu ya meza, pembe zote nne zionekane, mbele na nyuma. Na ukitaka kuituma kwa mtu, usiitume WhatsApp kama picha ya kawaida, itapunguzwa na namba ndogo hazitasomeka. Itume kama dokima, itafika jinsi ilivyo.

Na majina ya watu! Kwangu hii inapita mambo yote ya mashini. Chukua picha ya arusi ya mwaka 1985: watu kumi na wawili wamesimama mbele ya kanisa. Leo koko anawajua wote. Koko akiondoka, watabaki watu wanne wenye majina na wanane wasiojulikana, na hakuna programu duniani itakayowarudishia majina yao. Kaa naye jioni, mwonyeshe picha moja moja, washa sauti ya simu, mwache aseme: huyu ni nani, mtoto wa nani, alifia wapi. Aseme kwa Mashi au Kirega au lugha yoyote ya kwao. Sauti hiyo iwekwe pamoja na picha na ipewe jina lile lile. Kazi hii haihitaji diploma wala feza, na haiwezi kungoja.

Tuje kwenye kopi. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliipa nguvu kanuni ambayo wengi wanaifuata: kopi tatu, juu ya vitu vya namna mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Sisi hatuhitaji kufundishwa sana kwa nini moja ikae nje. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, watu wa Goma walikimbia usiku na kilichokuwa mkononi. Hapa Bukavu, mitaa ya nyumba za mbao zilizobanana inajua moto unavyopita kutoka ukuta hadi ukuta. Seva ikiwa sebuleni na disiki ya kopi ikiwa juu ya kabati ile ile, moto mmoja unachukua vyote viwili. Badilishaneni disiki na dada anayekaa mtaa mwingine, au afadhali mji mwingine, kila mmoja akichunga ya mwenzake. Ifungwe kwa neno la siri, ili heshima ya nyumba isitegemee mlango wa nyumba ya mtu.

Kwa flashi, angalieni sokoni. Kuna zinazoandikwa ukubwa mkubwa sana kwa bei ndogo, na ndani ni uongo: zinapokea kila kitu, kisha nusu haifunguki. Flashi mpya ijazwe kwanza na vitu visivyo na maana, kisha vifunguliwe vyote. Ikishinda, ndipo uipe hati zako. Tena flashi iliyosahauliwa sandukuni miaka mingi inaweza kupoteza vitu. Mara moja kwa mwaka, kwa mfano wakati wa likizo kubwa, ifungueni na kuandika upya.

Nabaki na jambo la ufunguo, na hapa nitasema wazi. Katika nyumba nyingi, mwenye kujua mashini ni baba au kijana wa kiume. Yeye ndiye anaweka, yeye ndiye anajua neno la siri. Siku akisafiri, akigombana na nyumba au akifariki, mama anakaa mbele ya mashini iliyojaa maisha yake bila kuweza kuifungua. Mimi naona flashi mbili ambazo mama mwenyewe anajua kuzifungua zinafaa kuliko seva nzuri ambayo mtu mmoja tu anaijua. Anayeweka seva aandike kwenye karatasi: mashini inawashwaje, neno la siri ni lipi, kopi ziko kwa nani. Karatasi iingie katika bahasha na kufungwa, ichungwe pamoja na hati zenyewe, au kwa mtu mmoja wa kuaminika. Kisha mama afungue mashini peke yake, kijana akiwa nje ya chumba, na atoe hati ya kuzaliwa ya mtoto wa pili. Akishindwa, kazi haijaisha, hata kama kijana amelipwa.

Na fundi wa simu: mbele ya kumpa simu yako, toa kadi ya memwari. Kama hakuna sababu, usimpe neno la siri. Akisema analihitaji kwa kujaribu, keti pale pale mpaka amalize. Picha za mwili wako na za watoto wakioga hazina nafasi katika simu wala katika seva ya watu wengi.

Wanaotaka kuanza, njooni mkutano ujao na kebo ya simu, flashi mbili, na hati zenu tano za maana kuliko zote. Tutazipiga picha pamoja na kuzipa majina. Wenye picha za zamani za karatasi wazilete pia, na kama mkono wa koko una nguvu ya kutembea, mje naye.