Uongozi Mpya Si Meza Mpya



Siku hizi maneno "mageuzi ya uongozi" yamekuwa kama chumvi, kila hotuba hutiwa. Chama kikiacha kumwita mtu Katibu kikamwita Mkurugenzi, husemwa kimegeuka. Kikinunua kompyuta, husemwa hivyo hivyo. Kwa maoni yetu mambo haya si ya namna moja, na yafaa tuyapambanue kabla ya Mkutano Mkuu, maana fedha zitakazoombwa pale ni zetu.

Kubadili vyombo si vibaya. Mizani nzima ni bora kuliko mbovu, nani atakataa? Lakini mizani hiyo ikisomwa na mtu mmoja peke yake, na mwenye karafuu zake amesimama nje ya mlango, kumebadilika nini?

Namna nyingine ni kubadili nani mwenye kauli na nani mwenye kupata. Mwaka 1844 huko Rochdale, Uingereza, watu 28, baadhi yao wafumaji, walichanga pauni 28 wakafungua duka la unga, siagi, sukari na mishumaa. Duka halikuwa jambo geni. Jipya lilikuwa utaratibu wake: kila mwanachama kura moja, awe na hisa nyingi au chache, na ziada ikagawanywa kwa kadiri mtu alivyonunua dukani. Vyama vya ushirika vya nchi nyingi viliiga pale.

Huku Unguja na Pemba tumewahi kuona mageuzi ya kushuka kwa sheria. Mwaka 1937 serikali iliipa jumuiya ya wakulima wa karafuu usimamizi wa biashara. Wafanyabiashara wa Kihindi wakasusia, na mwaka 1938 ikabidi kupatana. Hayo hayakutoka katika kura ya mkutano.

Iko namna ya tatu, nayo ndiyo tunayoipenda zaidi, kwa kuwa haina gharama kubwa. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda wa Japani alitoa mtambo wa kufumia uliosimama wenyewe uzi unapokatika. Baadaye, katika viwanda vya magari vya Toyota, fikira hiyo hiyo ilitiwa mikononi mwa watu: mfanyakazi akiona kasoro huvuta kamba kumwita msimamizi, na kasoro isipoondoka kwa wakati kazi husimama. Haingojwi gari ifike mwisho.

Sasa tujitazame. Karafuu zikivunda kwa kurundikwa mbichi, au zikichanganyika na makonyo, wa kwanza kujua ni mchambuaji na mwanikaji. Je, nani kati yao ana ruhusa ya kusema, "Gunia hili lisishonwe"? Akithubutu ataambiwa anachelewesha gari. Gunia likishushwa daraja, hasara ni ya mkulima, wala si ya aliyeharakisha gari.

Wako watakaosema kwamba kila mtu akipewa amri kazi haitakwisha. Hoja hiyo ina uzito, lakini kuzuia gunia moja si kuendesha chama.

Basi kabla ya kupitisha fedha za samani za ofisi, twaiomba Halmashauri ijibu mambo mawili mbele ya wanachama: kwamba uzito usomwe mwenye mali akiwapo na apewe hati yake papo hapo, na kwamba mwanikaji aruhusiwe kuzuia gunia bila kukatwa ujira wa siku hiyo.