Jua Halikuwafuata

Jumapili iliyopita jirani yangu alirudi kutoka mpirani amenuna. Timu yake ilikuwa imefungwa magoli manne. Nilipomwuliza sababu, alisema refa hakuona vizuri, mpira ulikuwa mwepesi, na jua liliwapiga machoni. Nikamwuliza, "Na mlipobadilishana upande, jua hilo liliwafuata?" Hakunijibu; lakini chai yangu aliinywa yote.

Wasomaji wapenzi, mkumbukeni Bwana Kipchoge Keino. Mwaka 1968, katika Olimpiki ya Mexico City, alikuwa akiugua nyongo. Katika mbio za mita 10,000 maumivu yalimwangusha chini. Juma moja baadaye alishindana na Jim Ryun wa Marekani katika mita 1,500, akamshinda kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Udhuru alikuwa nao wa kweli, wala hakuutumia.

Wahenga walinena: asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi, ndugu yangu, ukifungwa mpe mwenzako mkono, kisha kesho uamke mapema ukafanye mazoezi. Refa umwache apumzike. Naye ana watoto wanaomngoja nyumbani.