Usinunue chombo kikiwa majini

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye sasa anasomea shahada ya pili mjini Birmingham, Uingereza, aliniandikia majuma mawili yaliyopita kunitaka shauri. Baada ya kunipa shikamoo na kunijulia hali, alinieleza kwamba kodi ya nyumba imemwelemea, na kwamba yeye na dada yake, ambaye ni muuguzi huko, wameazimia kununua mashua kuukuu ya mferejini iwe makao yao. Wamekwisha kuipata. Ina jiko, vitanda viwili na rangi inayong'aa. Muuzaji amewaonyesha cheti cha usalama ambacho muda wake haujaisha. "Sasa Mwalimu," aliniuliza, "kuna haja gani ya kumlipa mkaguzi mamia ya pauni aje kutuambia yale ambayo cheti kimekwisha kuyasema?"

Nimeona nimjibu hadharani, kwa kuwa vijana wetu wengi wanakwenda ng'ambo kusoma, na si yeye peke yake atakayelikabili swali hili.

Msomaji ambaye hajafika huko huenda akastaajabu kusikia watu wanaishi mferejini. Kwetu sisi mfereji ni wa kunyweshea mpunga. Waingereza walichimba mifereji yao kupitishia mizigo. Ule wa Bridgewater, uliosimamiwa na fundi mashuhuri James Brindley, ulifunguliwa mwaka wa 1761 ili kupeleka makaa ya mawe Manchester, na mashua zilikokotwa na farasi waliotembea kandokando. Baadaye garimoshi, kisha malori, yakainyang'anya mifereji mizigo yake. Siku hizi mashua hizo ni za matembezi na za makazi. Upana wake ni kiasi cha futi saba tu, kwa sababu malango ya maji ya mifereji mingi ni membamba, ilhali urefu waweza kufika futi sabini. Ukiitazama moja kwa mbali utadhani ni behewa la garimoshi lililotumbukia majini.

Mashua hizi aghalabu huundwa kwa mabamba ya chuma. Nyingi za miongo ya karibuni zina sakafu ya nje yenye unene wa milimita 10, ubavu wa milimita 6 na paa la milimita 4. Za zamani zaidi huenda zilianza na chuma chembamba kuliko hicho. Milimita sita si nyingi. Kutu huzila kutoka nje, kwenye vishimo vidogo ambavyo rangi huvificha, na huzila kutoka ndani pia, pale maji ya ngama yanapotuama chini ya mbao kwa miaka bila ya mtu kuyaona. Walimu wa fizikia na kemia watanielewa nikisema kwamba umeme nao una sehemu yake: mashua kadhaa zikiunganishwa gatini kwa waya mmoja wa ardhi, bila kifaa cha kuzitenga, zote pamoja huwa kama betri kubwa, na chuma cha mmoja wao huliwa. Ndiyo maana hufungiwa vipande vya magnesi ubavuni ili viliwe hivyo badala ya chombo. Vikiisha na visibadilishwe, zamu ni ya chombo chenyewe.

Je, cheti alichoonyeshwa kijana wangu kinasema nini juu ya hayo yote? Hakisemi lolote. Mpango wa kuchunguza usalama wa mashua, ulioanzishwa huko mwaka wa 1997 na ambao humtaka mwenye chombo apate cheti kila baada ya miaka minne, hutazama mitungi ya gesi, mabomba ya mafuta, nyaya za umeme, majiko, vizima-moto na matundu ya hewa. Shabaha yake ni kuzuia moto, mlipuko, moshi wa sumu na uchafuzi wa maji. Ni mpango mwema. Lakini unene wa chuma haumo katika mtihani huo. Mwanafunzi aliyepata alama ya juu katika Jiografia hatujamtahini Hesabu, na hakuna mwalimu atakayemjazia alama za Hesabu kwa kuitazama karatasi ile ya Jiografia.

Ukaguzi wa mwili wa chombo ni jambo jingine kabisa. Kwanza mashua hutolewa majini, ama kwa winchi ama kwa kuingizwa katika gudi na maji kutolewa. Huoshwa matope na magugu. Kisha mkaguzi huigonga kwa nyundo akisikiliza mlio, hupima kina cha vishimo, na hupitisha chombo kidogo kinachopeleka mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, kikampa unene uliobaki hapo kwa milimita. Hufanya hivyo mahali pengi, hasa kwenye mstari wa maji na kwenye pembe ambapo ubavu hukutana na sakafu. Unene ukishuka chini ya milimita 4, kampuni nyingi za bima husita kukikatia chombo bima kamili.

Nayasema haya kwa kuwa nimeyalipia. Nilipokuwa mwanafunzi huko, mimi na rafiki yangu wa Tanga tulichanga tukanunua mashua ya namna hiyo. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, nimekulia miongoni mwa mafundi wa majahazi. Kwetu hanunui mtu chombo kabla ya kungoja maji yapwe, kikalala mchangani, akakizunguka, akagonga mbao, akachokoa kalafati kwa ncha ya kisu na kuutazama mkuku mwanzo hadi mwisho. Hayo yote niliyajua tangu utotoni. Lakini mashua ya kule ilikuwa ya chuma, na chuma, nilijiambia, hakiliwi na wadudu. Tukainunua ikiwa majini.

Mwezi wa tatu, usiku, zulia lililowa. Tulifua maji kwa sufuria ya wali hadi alfajiri. Ilipopandishwa gudini, fundi aligonga mara moja karibu na nyuma, na ncha ya nyundo ikapita ndani. Bima yetu ilikuwa ile ya rahisi, inayolipa hasara za watu wengine tu. Kuivika mashua mabamba mapya juu ya makuukuu kulitugharimu zaidi ya nusu ya bei tuliyoinunulia, na bado ikawa nzito na ikaketi chini zaidi majini. Mwenzangu aliahirisha masomo mwaka mzima akafanye kazi ya usiku ghalani. Hajapata kunilaumu, nami sijapata kusahau kwamba ni mimi niliyemwambia mkaguzi ni anasa.

Nilimweleza kijana wangu hayo. Akanijibu kwamba muuzaji anayo ripoti ya mkaguzi ya miaka mitatu iliyopita, naye yu tayari kuwapa bure. Nikamwambia mkaguzi yule aliajiriwa na muuzaji. Akiwa alikosea, kwa kawaida hawajibiki kwa mtu asiyepatana naye. Tena miaka mitatu ni mingi kwa chuma kisicho na magnesi. (Na kuna suala la gati: asiye na mahali pa kudumu pa kufunga mashua hutakiwa na sheria ya 1995 asikae pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Kwa mwenye vipindi vya asubuhi hilo si jambo dogo, ila tuliache kwa leo.)

Juzi akaniandikia tena. Muuzaji amesema kuna mteja mwingine atakayekuja Jumamosi na fedha taslimu. Nimemshauri aandike bei yake kwa sharti la ukaguzi, amana irudishwe iwapo chuma kitaonekana kibovu, na gharama za gudi na mkaguzi azilipe yeye mwenyewe. Muuzaji akikataa mashua isitolewe majini, basi amwachie huyo mteja wa Jumamosi. Bado sijapata jibu.