Zimwi Limeazima Sura ya Nani?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, ufundi wa kumgeuza mtu kuwa zimwi kwa ajili ya filamu si mgeni. Mwaka 1931, huko Marekani, fundi Jack Pierce alimfanya mwigizaji Boris Karloff aonekane maiti iliyofufuliwa katika filamu ya Frankenstein, kwa pamba, gundi na rangi, kazi iliyochukua takriban saa 4 kila siku. Hapa nchini Mussa Banzi alitoa Shumileta mwaka 2005, na filamu za majini na misukule zikapata watazamaji wengi. Leo kijana wa Pasiansi mwenye simu aweza kujifunza ufundi huo akiwa kwao.

Wapo wanaotaka jambo hili likatwe kwa neno moja. Sisi tunauliza kwanza: zimwi hilo limeazima sura ya nani?

Tazameni vifaa vyake: lenzi za kuyatia macho wekundu, gundi ya kuikunja ngozi, poda ya kuupausha uso. Hizo ni alama za watu tunaoishi nao. Katika Usukuma, macho mekundu yamewaponza vikongwe wengi wakauawa kwa kudhaniwa wachawi, ilhali wekundu ule hutokana na moshi wa kuni na samadi wanayopikia miaka nenda miaka rudi. Na tangu mwaka 2007 Kanda yetu ya Ziwa ilishuhudia watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, hata Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Mizengo Pinda, akatokwa na machozi Bungeni Januari 2009.

Itasemwa: huu ni mchezo tu. Tunajibu: Karloff alipomaliza kazi alibanduliwa uso wa bandia akarejea nyumbani. Bibi wa Magu au Kwimba hana uso mwingine wa kurejea nao. Hatudai kwamba filamu ndiyo iliyoshika panga, kwani mauaji hayo yalikuwapo kabla yake. Tunachosema ni kwamba humfundisha mtoto mahali pa kuielekeza hofu yake.

Surat al-Hujurat imekataza dhihaka katika aya ya 11 na dhana mbaya katika aya ya 12. Mtume (s.a.w.) amekataza Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Na Surat at-Tin yatufunza kuwa mwanadamu ameumbwa katika umbo lililo bora. Vipi basi umbo hilo tulifanye kinyago?

Wala tusiwanyooshee kidole vijana peke yao. Wamo miongoni mwetu wanaoswali Alasiri kwa jamaa, na usiku wakabisha hodi kwa mpiga ramli. Huko ndiko jina la bibi wa jirani hutajwa kwanza.

Kwa hiyo tunawausia maimamu walieleze jambo hili waziwazi katika khutba, wazazi waketi na watoto wao na kuwaeleza asili ya macho mekundu na ngozi nyeupe, na vijana wenye vipaji wasimuazime mnyonge sura yake. Aliyeithibitisha Tauhidi moyoni hamwogopi kikongwe.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Amin.